Sababu ya Kupita Kiseke

Mhandisi Venant alikunywa chai yake ya kwanza kwa Mama Akumu asubuhi ya Jumatatu moja, mwezi wa saba mwaka tisini na tano, na kabla kikombe hakijafika nusu alikuwa amekwisha kugombana na barabara.

"Haiwezekani," alisema, akizigonga karatasi zake kwa kalamu. "Mama, haiwezekani kabisa. Kwa hesabu, magari haya yanatakiwa yapite lami."

"Na yenyewe yanapita hapa," alijibu Truphosa, Mama Akumu mwenyewe, mwenye hoteli.

"Ndiyo maana nasema haiwezekani."

Truphosa alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Alikuwa amezoea watu kuilaumu barabara ya Kiseke kwa mawe yake, kwa vumbi lake, kwa springi zinazokatika pale kwenye kona ya jabali. Hakuwa amepata kuona mtu anayeilaumu kwa kupitiwa na magari.

Magari yenyewe yalikuwa pikapu za samaki. Miaka hiyo viwanda vya minofu vilikuwa vimeota kando ya ziwa kama uyoga, kila mwezi jengo jipya na mlinzi mpya getini. Sangara walitoka usiku kwenye mialo ya Mara, zile bandari ndogo za wavuvi, wamefunikwa barafu, juu ya barafu pumba za mpunga, juu ya pumba turubai. Wakifika Igoma madereva walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni lami, iendayo moja kwa moja hadi mjini na kuzunguka kwenda Ilemela viwandani. Ya pili ni hii ya mawe, ipandayo vilima hadi Kiseke na kuteremka ziwani kwa nyuma. Ya pili ilikula robo saa zaidi na tairi moja kila mwezi. Hata hivyo, katika kila pikapu kumi, nane zilipita Kiseke, zikasimama kwa Mama Akumu, zikaongeza maji kwenye rejeta kutoka pipa lake, na madereva wakala ugali kwa supu ya mapanki, yaani ile mifupa na vichwa vinavyobaki Mzungu akishachukuliwa minofu yake.

Truphosa aliishi kwa magari hayo. Aliishi kwayo yeye, binti yake Akumu aliyekuwa kidato cha pili, na mume wake Odero.

Odero alikuwa ameendesha lori la shirika la umma kwa miaka kumi na tisa. Kisha ukaja ule wakati ambao neno "kupunguzwa" lilipoteza maana yake ya zamani. Mtu mzima alipunguzwa akaisha. Shirika likauzwa, lori lake likakatwakatwa kuwa chuma chakavu mbele ya macho yake, naye akapewa barua ya shukrani na kiinua mgongo kilichotosha mabati ya hoteli ya mke wake. Tangu hapo alikaa kwenye benchi la nje, akitazama magari ya wenzake. Madereva walimwita Dereva, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimuuma.

"Vijana wangu wa chuo wanawauliza madereva," Venant aliendelea, "kwa nini umepita hapa? Wote wanajibu mazoea. Magari mia mbili, sababu moja, mazoea! Mtu havunji springi kwa mazoea."

"Vijana wako wamevaa viatu vya kung'aa," alisema Odero kutoka nje, bila kugeuza shingo. "Dereva hamwambii kitu mtu wa viatu vya kung'aa."

Venant alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mzee, shikamoo. Wewe wangekwambia?"

"Marahaba. Mimi nawajua kwa honi zao kabla hawajapinda kona."

Hivyo ndivyo Odero alivyopata kazi, baada ya miaka miwili.

*

Venant hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalowakera watu wa Kiseke mpaka leo. Mtu mbaya wangemjua. Huyu alikuwa kijana wa Kihaya mwenye adabu, anayesema asante akipewa chumvi. Alipomfundisha Odero kazi aliketi naye mezani, akachovya kidole kwenye chai iliyomwagika na kuchora mistari miwili juu ya nailoni ya meza.

"Hii lami, hii Kiseke. Kila dereva kichwani ana mizani yake. Upande mmoja muda, mafuta, ubovu wa njia, usumbufu. Anapima, anachagua. Mmoja mmoja huwezi kumtabiri, lakini wakiwa mia tano unaweza. Tunaiambia kompyuta wanavyopima, nayo inatuonyesha magari mangapi yatapita wapi. Halafu tukibadilisha kitu kimoja tu, inatuambia wote watahamia upande gani, kabla hata hatujagusa barabara."

"Kama mtu anayejua ng'ombe watakwenda kunywa wapi," alisema Odero.

"Hivyo hivyo!"

"Na mkishajua?" aliuliza Truphosa, aliyekuwa akichambua mchicha.

"Wakubwa watajua pa kuweka fedha. Barabara yenye magari mengi ndiyo inayostahili lami, mama."

Lami Kiseke! Truphosa aliacha mchicha. Aliona mlango wake ukitazama lami, hoteli ya matofali, meza sita badala ya mbili.

"Na majina?" aliuliza Odero. "Hawa watu wana matajiri wao. Wana polisi. Hawapendi karatasi."

"Hakuna jina. Fomu haina hata nafasi ya jina. Zikishaingia kwenye kompyuta zinafungiwa sandukuni Dar es Salaam. Ni utafiti tu, mzee."

Akampa ubao wa kuandikia, penseli mbili, na kofia nyeupe. Siku kumi na nne, elfu moja na mia tano kwa siku. Odero aliivua kofia yake ya zamani ya shirika, akaikunja polepole, akavaa hii.

*

"Odero, umekuwa karani wa sensa?" Luhaga alipaza sauti kutoka dirishani mwa pikapu yake siku ya kwanza. Luhaga alikuwa Msukuma wa Nassa, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtoto. "Niandike nina wake wanne na wote wananipenda!"

"Nitaandika una mmoja na anakuvumilia. Teremka ule."

Waliteremka, walikula, walitania. Lakini Odero alipofika kwenye mstari wa "sababu ya kuchagua njia hii", Luhaga alijifuta mdomo na kusema, "Mazoea."

"Luhaga."

"Mazoea, Dereva. Andika."

Ikawa hivyo siku tatu. Siku ya nne Venant alikuja, akazipitia fomu, akazisukuma mezani kwa mkono mmoja. Odero alijua maana ya mkono ule. Ni mkono aliowahi kuuona ofisini siku ya barua ya shukrani.

Ni Truphosa aliyevunja ukimya huo, na mpaka leo hakuna anayemwambia kwamba ni yeye, hujiambia mwenyewe. Alimngoja mdogo wake, Otuoma.

Otuoma mwana wa Odongo, mzaliwa wa Shirati, alikuwa ameendesha samaki wa tajiri mmoja kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa mlokole mkimya asiyekunywa na asiyepiga honi ovyo, na madereva wengine walimfuata kama wafuatavyo gari la mbele kwenye ukungu. Truphosa alimwekea samaki mzima, si mapanki, akaketi mbele yake.

"Shemeji yako atafukuzwa kazi tena," alimwambia.

"Kwa lipi?"

"Kwa mazoea yenu. Mhandisi anataka sababu ya kweli, nyinyi mnampa upuuzi. Otuoma, miaka mingapi mnalalamika hapa kwenye benchi langu? Leo amekuja mtu wa kuandika, mmekuwa mabubu."

"Dada, ya kwenye benchi yanabaki kwenye benchi."

"Huyu ni Odero. Aliyetoa ng'ombe wa mahari kwa baba yako akamaliza, bila kusukumwa. Akikwambia karatasi haina jina, haina jina. Na mimi nakwambia. Mimi, niliyekubeba mgongoni."

Otuoma alikula kidogo, akanawa. Kisha akamgeukia shemeji yake na kusema yote, polepole, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Alisema ushuru wa samaki wanaulipa mwaloni, na stakabadhi wanazo. Alisema tangu geti la ushuru kwenye lami likabidhiwe kwa wakala binafsi, stakabadhi ya mwaloni haitambuliwi; unalipa tena. Lakini si hilo hasa. Vijana wa wakala wanafunua turubai, wanachimbua pumba na barafu kwa mikono mpaka chini, ati wanakadiria mzigo, wanachomoa sangara wawili wakubwa wa kwao, na kukuacha juani kwenye foleni nusu saa. Ukifika kiwandani barafu imekuwa maji, samaki amelegea, wanakataa nusu ya mzigo, na tajiri anamkata dereva mshahara.

"Sisi hatukwepi kulipa, shemeji. Andika hivyo. Tunakwepa kufunuliwa. Wakiheshimu stakabadhi na wasiguse barafu, kesho asubuhi wote tunapita lami. Nani anapenda mawe haya?"

Odero aliandika, mstari ukajaa, akaendelea nyuma ya karatasi. Jioni hiyo Luhaga alisikia kwamba Otuoma amesema; kesho yake naye akasema. Keshokutwa walikuwa wanasema hata ambao hawajaulizwa. Ilikuwa kama jipu limetumbuliwa. Madereva walikuwa wanateremka wenyewe, wakimtafuta mwenye kofia nyeupe.

Na Odero, ambaye miaka miwili hakuulizwa lolote na mtu yeyote, alifanya kazi ile kwa moyo wote. Alikuwa na njia yake. Alikotoka yeye, mtu mzima humwulizi amepita wapi kabla hujamwuliza ametoka kwa nani. Kumkabili mtu na maswali makavu ni kumfanya mshitakiwa. Kwa hiyo alianza na kwao, na baba yake, na hali ya mama, na kwa kuwa aliona ni utovu wa adabu kusahau alichoambiwa, alikiandika. Pembeni mwa kila fomu, kwa penseli na mwandiko mzuri wa shule ya misheni: *Otuoma mwana wa Odongo, Shirati. Luhaga wa Nassa, mama yake mgonjwa wa miguu. Machibya, mjukuu wa chifu, Kisesa.* Wakirudi siku ya pili aliwauliza, "Mama miguu inaendeleaje?" nao wakashangaa kwamba karatasi ya serikali ina ubinadamu.

Truphosa aliyaona maandishi yale. Aliyapenda.

*

Venant alipochukua fomu za mwisho alimshika Odero mkono kwa mikono miwili. "Mzee, sasa hesabu inakubali. Umeniokoa." Akaenda zake na gari la Dar.

Mwezi wa nane ukapita. Mwezi wa tisa, Jumanne, Truphosa alikuwa akipuliza moto aliposikia lori likisimama. Walishuka vijana sita wenye vizibao vya njano na mlingoti wa mti uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Walitazama huku na huku. Mmoja akaliona pipa lake la maji ya rejeta, akalimwaga, akalipindua, na kuegemeza mlingoti juu yake, katikati ya barabara.

"Baba, hilo pipa ni langu!"

"Tunaliazima, mama. Mkuu wetu Mzee Mhoja atakuja kulishukuru." Wakacheka. Mhoja ndiye aliyekuwa wakala wa ushuru.

"Geti la nini hapa? Hapa ni njia ya mawe!"

"Utafiti umeonyesha," alisema kijana, akilitamka neno hilo kwa raha kama kitu kipya alichonunuliwa.

Pikapu ya kwanza kupinda kona ilikuwa ya Otuoma. Alisimama taratibu, akazima injini, akatoa stakabadhi yake ya mwaloni dirishani. Kijana hakuitazama. Alifungua daftari, akapitisha kidole.

"Otuoma mwana wa Odongo? Wa Shirati?"

Truphosa alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo. Alimwona mdogo wake akishtuka, si kwa geti, bali kwa jina la baba yake kutoka katika kinywa kile.

"Umekiri mwenyewe," kijana alisema. "Unapita huku kukwepa geti. Imeandikwa hapa. Gari linabaki mpaka tajiri wako aje alipe ya nyuma yote."

"Nani kasema nimekiri?"

"Karatasi."

Otuoma aligeuka. Hakumtazama Odero, aliyekuwa kwenye benchi na kofia nyeupe bado kichwani. Alimtazama dada yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayehesabu upya njia aliyopita, akitafuta ni wapi alipinda vibaya.

Vijana walifunua turubai. Tajiri alikuwa Musoma na simu haikupatikana. Saa sita barafu ilikuwa inatiririka chini ya pikapu, ikichora mfereji mpaka mlangoni mwa hoteli. Saa nane nzi walikuwa wamefika. Truphosa alichukua mikeka yake yote na shuka la kitanda chake, akalilowesha, akapanda kwenye gari kufunika sangara.

"Acha, dada," alisema Otuoma kutoka kwenye kivuli cha jabali.

"Watapona walioko chini."

"Nimesema acha. Usinisaidie tena."

*

"Uliandika majina," Truphosa alimwambia mumewe. Geti lilikuwa na siku nne. Katika siku hizo magari tisa yalikuwa yamezuiwa, yote kwa majina, na la Luhaga lilisomewa mpaka miguu ya mama yake, huku vijana wakicheka.

"Niliuliza kwao," alisema Odero. "Ningewauliza kama wezi?"

"Uliandika!"

"Wewe uliona nikiandika. Ulisema nina mwandiko mzuri."

Truphosa alikuwa amesema hivyo kweli. Otuoma alikuwa amefukuzwa na tajiri na kupata gari jingine la kukodi, bovu, apate kulipa mzigo uliooza. Hotelini walibaki vijana wa vizibao, wakiagiza ugali, wakimwita "mama yetu". Madereva waliogeuza kurudi lami hawakumpungia mkono. Wengine walisemekana wamepata njia ya tatu, huko juu kati ya mashamba ya mihogo, lakini ni ipi, hakuna aliyemwambia mtu wa nyumba ile.

Siku ya tano walivaa nguo za kanisani, wakaenda mjini.

Ofisi ilikuwa ghorofani, na Venant alikuwa amerudi kwa ajili ya ripoti. Ukutani palikuwa na ramani kubwa. Mistari mingine ilikuwa myembamba kama uzi, mingine minene kama kamba. Uliopita Kiseke ulikuwa mnene kuliko yote.

"Mama Akumu! Shikamoo. Mzee, karibuni, karibuni kiti."

Viti vilikuwa vimejaa mafaili. Wakasimama.

"Ulisema karatasi zitafungiwa Dar es Salaam," alisema Truphosa.

Venant aliweka kalamu. "Hiyo ndiyo kawaida yetu. Lakini fomu ni mali ya mteja, mama. Aliziomba."

"Mteja ndiye nani?"

"Aliyelipia utafiti."

"Si serikali?"

"Serikali haina fedha za utafiti siku hizi. Wakala alichangia. Sehemu kubwa."

"Kwa hiyo elfu moja na mia tano ya mume wangu ilitoka kwa Mhoja."

Truphosa akasogea kwenye ramani, akaweka kidole juu ya mstari mnene. Kidole kilikuwa na kovu la moto.

"Hapa ndipo nilipo. Nionyeshe alichosema ndugu yangu kuhusu barafu. Mmekiandika wapi?"

"Kuna safu ya gharama ya geti..."

"Barafu."

"Barafu inaingia humo, mama. Kila usumbufu tunaugeuza kuwa dakika, ndiyo maana..."

"Na stakabadhi ya mwaloni?"

"Humo humo."

"Na wale sangara wawili wanaochomolewa?"

"Humo."

"Yaani mambo matatu mmeyatia kwenye kisanduku kimoja, mkaandika juu yake: anakwepa. Alisema msiguse barafu, wote tunarudi lami. Hilo nalo kompyuta yako iliulizwa?"

Venant alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo sana. "Mteja hakuomba tujaribu hilo. Aliomba tujaribu geti likihamishwa." Kisha, labda kwa kutaka kuwapa kitu, akaongeza, "Lakini jueni kazi ya mzee haikuwa bure. Kabla yake hesabu yetu ilikuwa inapotea mno. Sasa inalingana na barabara kwa asilimia tisini na moja. Profesa wangu hakuamini."

Sasa Odero alisema, "Mhandisi, ulisoma nilichoandika pembeni?"

"Nilisoma, mzee."

"Kwa nini hukufuta?"

"Fomu mia nne, mzee. Na nilidhani..." Aliangalia dirishani. "Yalinifurahisha. Sikupenda kuyafuta."

Walipokuwa mlangoni aliwafuata. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Mzee Mhoja anatafuta mtu wa kukaa getini, wa kutambua magari. Mshahara wa mwezi, sare, na matibabu. Alikuwa ametajiwa jina la Odero. "Mimi ndiye niliyelipendekeza," alisema. Alidhani anatubu.

*

Wiki mbili Odero aliifikiria kazi ile, na asiulize mtu kwa nini aliifikiria. Aulize kwanza ada ya Akumu ilikuwa kiasi gani. Mhoja mwenyewe alikuja hotelini, akala, akasifia supu, na kumwita Odero "mtaalamu". Truphosa aliwahudumia wote wawili. Asubuhi ya Jumamosi Odero alikwenda getini, akavua ile kofia nyeupe, akaiweka juu ya pipa, na kumwambia kijana wa daftari: "Mwambie mkuu wako sitambui gari la mtu." Siku hiyo hiyo aliomba kibarua cha kupasua kokoto kule mlimani, na mikono yake ya usukani ikaanza kutoka damu.

Truphosa hakutaka habari hiyo ifike kwa watu kwa kuzunguka. Alifunga hoteli, ambayo ilikuwa rahisi kufunga, akatembea hadi Igoma kwa mdogo wake.

Rozina, mke wa Otuoma, alimpokea vizuri. Vizuri mno. Alitandika kitambaa juu ya meza, akatuma soda dukani, akaileta kwenye sinia na glasi iliyofunikwa kisahani. Truphosa alikuwa amekula katika nyumba ile kutoka kwenye sufuria, akiwa amechuchumaa jikoni, na kumkaripia Rozina kwa chumvi nyingi. Sasa aliwekwa kwenye kiti chenye mto.

Otuoma aliingia akijifuta grisi. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Gari linakwendaje?"

"Linakwenda."

"Otuoma, Mhoja alimpa shemeji yako kazi getini. Amekataa. Nimekuja nikwambie mwenyewe, usije ukasikia vingine. Anapasua kokoto."

"Vizuri."

"Huamini."

"Nimesema vizuri, dada. Kunywa soda."

Alikunywa. Ilikuwa tamu na ya moto. Uani pikapu ya kukodi ilikuwa imenyanyuliwa kwa jeki, na Luhaga alikuwa chini yake, miguu tu ikionekana. Alipoisikia sauti ya Truphosa kicheko chake kilikatika, akaendelea kugonga chuma.

Truphosa alizungumzia mvua. Alimzungumzia Akumu, aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Rozina aliitikia kila kitu kwa "ndiyo, wifi", "pole, wifi". Mwishowe, akiwa amekwisha kusimama, na kanga mkononi, aliuliza lile aliloliuliza kila alipoagana na mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, ili ajue aweke maji ya ugali saa ngapi.

"Kesho unapita wapi?"

Nyundo ya Luhaga chini ya gari ilinyamaza. Rozina akaanza kukusanya glasi.

Otuoma alimtazama dada yake kwa upole, kama amtazamavyo mtu yeyote aliyesimama barabarani na karatasi.

"Bado sijajua," alisema.